Utingo wa Lori la HDL: Maswali Yenu Kuhusu Paraoksonesi

Toleo lililopita tulitaja kwa mistari miwili tu kimeng'enya cha damu kiitwacho paraoksonesi, kwa kifupi PON1, tukasema kinasaidia kulinda mishipa ya moyo. Barua zimemiminika. Tumechagua sita.

Wahariri, salaam. Mmesema ni mlinzi wa mishipa, lakini jina lake ni la sumu ya kuua wadudu. Niwaelezeje wanafunzi wangu wa kidato cha sita? Na aliyekigundua ni nani?
*Mwalimu wa biolojia, Tabora*

Mwalimu, jina ni la kihistoria, na historia yenyewe haikuanzia moyoni. Mwaka 1946 Mazur alieleza kwamba tishu za wanyama zina kimeng'enya kinachovunja sumu za jamii ya ogano-fosfati. Mwaka 1953 Aldridge, huko Uingereza, akavigawa vimeng'enya vya aina hiyo makundi mawili: B, vinavyozimwa na paraoksoni, na A, vinavyoivunja. Paraoksoni ndiyo sumu inayopatikana ini linapoibadilisha parathioni, dawa ya kuua wadudu. Kimeng'enya kilichoonekana kuivunja kikaitwa paraoksonesi, na kwa miaka mingi kikabaki mali ya wataalamu wa sumu.

Moyo uliingia baadaye. PON1 hutengenezwa na ini, kisha huingia kwenye damu kikiwa kimejishika kwenye HDL, chembe zinazobeba ile tunayoiita lehemu nzuri. Mtafiti Michael Mackness wa Manchester, pamoja na Arrol na Durrington, walichapisha mwaka 1991 jaribio rahisi kueleza. Walichukua LDL, chembe zinazobeba lehemu mbaya, wakaichochea kwa shaba ili mafuta yake yapate kutu, yaani yaoksidike. Walipoongeza paraoksonesi, mrundikano wa mafuta yaliyooksidika ulipungua. Uzito wa jambo hilo ni huu: LDL iliyooksidika ndani ya ukuta wa ateri humezwa na makrofaji, yaani seli za kinga, mpaka zinavimba na kuwa seli povu, na seli povu ndizo mwanzo wa utando unaoziba mshipa.

Mwaka 1998 Diana Shih, Aldons Lusis na wenzao wa Los Angeles wakaonyesha upande wa pili. Panya walioondolewa jeni ya PON1 na kulishwa mafuta mengi walipata utando mwingi zaidi kwenye ateri kuliko ndugu zao wenye jeni, na HDL yao haikuweza kuizuia LDL isioksidike. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, wakachora umbo lake: pangaboi lenye mapanga sita, na katika tundu la katikati ioni mbili za kalsiamu. Moja hushikilia umbo lisiporomoke, nyingine hufanya kazi ya kukata. Zikumbuke hizo ioni, maana barua inayofuata inazihusu.

Darasani unaweza kusema HDL ni lori na PON1 ni utingo wake. Lori hubeba lehemu kuirudisha kwenye ini. Utingo hashughuliki na kubeba, yeye huangalia mzigo usiharibike njiani. Wanafunzi wakikuuliza ni molekuli ipi hasa anayoikata kwenye mafuta yaliyooksidika, waambie wataalamu bado wanabishana. Kinachokubalika ni kwamba kazi yake ya asili ni kuvunja laktoni, kemikali zenye umbo la pete, na kwamba kuvunja paraoksoni ni kibarua cha pembeni.

Ndugu wahariri, nafanya mradi wa shahada ya uzamili maabara. Napima PON1 kwa fenili asetati, kemikali ambayo kimeng'enya hicho huikata. Sampuli 40 za kwanza zimetoa karibu sifuri zote, na nyingine majibu yanarukaruka. Mashine imekaguliwa, ni nzima. Nakosea wapi?
*Mtaalamu wa maabara, Mbeya*

Kabla ya kugusa mashine tena, tazama rangi ya vifuniko vya tyubu zako. Tunaweka dau kwamba hizo 40 zilitolewa kwenye tyubu za zambarau. EDTA iliyomo huzuia damu isigande kwa kunyakua kalsiamu, na PON1 bila kalsiamu ni pangaboi lisilo na ekseli. Sitrati ya vifuniko vya bluu hunyakua kalsiamu vilevile. Usijaribu kuziokoa kwa kumwaga kalsiamu juu yake: PON1 ya binadamu ikishakaa kwenye EDTA hairudi sawasawa, na utakuwa na namba usizoweza kuzitetea mbele ya msimamizi wako. Kachukue sampuli upya, seramu kwenye tyubu nyekundu au plazma ya heparini kwenye tyubu ya kijani. Chagua moja na ubaki nayo mradi mzima.

Hizo zinazorukaruka ni kesi nyingine, na kwa kawaida chanzo hakiwi kimoja. Linganisha utaratibu wako na huu.

Bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike): Tris-HCl milimola 20 kwa lita, pH 8.0, yenye kloridi ya kalsiamu milimola 1 kwa lita. Usitumie bafa ya fosfati hata kama ndiyo iliyo tayari kwenye friji. Fosfati na kalsiamu huungana zikawa vumbi jeupe, ukapoteza kalsiamu na hapohapo kuveti, kichupa cha kusomea mwanga, ikapata ukungu.

Fenili asetati: mikrolita 14 katika mililita 100 za bafa. Ni kimiminika chenye mafuta, hakipendi maji. Ukitikisa kidogo tu, matone hubaki yanaelea, na kila ukivuta kwa pipeti unapata kiasi tofauti. Hapo ndipo majibu mengi yanaporukia. Tikisa kwa nguvu dakika kadhaa mpaka usione tone hata moja. Itengeneze siku hiyohiyo ya kupima, kwani hujivunja yenyewe polepole, na pH ikipanda hujivunja haraka zaidi.

Seramu: mikrolita 10 kwenye mikrolita 990 za bafa, changanya. Kisha weka mikrolita 900 za myeyusho wa fenili asetati kwenye kuveti, ongeza mikrolita 100 za seramu iliyozimuliwa, pindua mara mbili na anza kusoma mara moja. Jumla umezimua mara 1000, na fenili asetati imeshuka hadi takriban milimola 1 kwa lita.

Kusoma: nanomita 270, nyuzi 25, kila sekunde 10 kwa dakika moja hadi mbili. Kuveti lazima iwe ya kwatzi. Ya kioo cha kawaida au plastiki ya kawaida humeza mwanga wa 270, na mashine nzima kabisa itakupa namba za ajabu. Mstari ukianza kupinda kabla ya sekunde 30, kimeng'enya ni kingi mno, zimua zaidi. Usichukue wastani wa mstari uliopinda.

Kila siku pima pia kuveti isiyo na seramu, yenye bafa mahali pake, uondoe mwendo wake. Mfano: sampuli imepanda 0.130 kwa dakika, tupu imepanda 0.010, umebaki na 0.120. Gawanya kwa 1310, ambacho ndicho kigezo cha molari cha ufyonzaji kwa jaribio hili, kisha zidisha kwa 1000 kupata mikromoli kwa mililita, halafu kwa 1000 za uzimuaji. Unapata takriban uniti 92 kwa mililita ya seramu. Namba inayoanguka maeneo hayo ni ya kuaminika kwa mtu mzima. Ukipata 9 au 900, mara nyingi ni sifuri iliyoongezeka au kudondoka kwenye uzimuaji, si ugonjwa.

Hifadhi seramu kwenye nyuzi -80, ukiigawa katika vichupa vidogo ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu. Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara hupunguza nguvu yake. Na zile tyubu za zambarau usizitupe zote. Seramu uliyoitia EDTA kwa makusudi ni kipimo kizuri cha kujua ni sehemu gani ya mwendo isiyotoka kwa PON1.

Jambo moja zaidi. Vitabu vya zamani vitakuelekeza upime kwa paraoksoni yenyewe, nanomita 412. Kama maabara yenu haina chemba ya kuvuta hewa inayofanya kazi, na atropini, dawa ya kutibu sumu hiyo, karibu, achana nayo. Tone moja kwenye ngozi linatosha kukulaza. Clement Furlong na wenzake wa Seattle walibuni njia ya kuzitambua aina za PON1 kwa kutumia vitu visivyo sumu kali, kwa hiyo hakuna mtihani unaokulazimisha kuishika.

Asalaam aleikum. HDL yangu ni 1.9, daktari amesema ni nzuri sana. Kwa hiyo nina walinzi wa kutosha, niache kidonge cha lehemu?
*Mstaafu, Mombasa*

Waaleikum salaam mzee wetu. Usikiache. Namba ya HDL huhesabu lehemu iliyomo kwenye malori, haihesabu utingo. Mtu aweza kuwa na malori mengi yasiyo na mtu wa kuangalia mzigo, hasa mwenye kisukari, mwenye figo zilizochoka, mvutaji sigara, au mwenye uvimbe wa kinga (inflamesheni) wa muda mrefu mwilini. Mwaka 2006 jaribio kubwa la dawa ya torcetrapib, lenye wagonjwa kama 15,000, lilisimamishwa: dawa iliipandisha HDL sana, lakini waliokuwa wakiimeza walikufa zaidi kuliko wenzao. Kidonge chako kinashusha LDL, na hiyo ndiyo kazi iliyothibitishwa. Ukitaka kukibadilisha, zungumza na daktari aliyekuandikia.

Wahariri, hapa Oman msimu wa komamanga wa Jabal Akhdar ukifika, kila mtu anasema juisi yake inaongeza hicho kimeng'enya na kuzibua mishipa. Mume wangu ana shinikizo na sukari. Nimpe kiasi gani?
*Mama wa watoto watatu, Muscat*

Madai hayo hayakutoka hewani, dada. Kundi la Michael Aviram wa Haifa lilipima wanaume 13 wenye afya waliokunywa juisi ya komamanga wiki mbili, PON1 ikapanda kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2004 likaripoti wagonjwa 10 wenye ateri za shingo zilizobanwa, waliokunywa mililita 50 kwa siku, na kuta za ateri zao zikapungua unene. Ukisikia muuzaji akitaja utafiti wa komamanga, mara nyingi ni huo wa watu 10.

Asichokitaja ni jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2009, watu 289, mililita 240 kwa siku, miezi 18. Kwa ujumla wao, unene wa ukuta wa ateri ya shingo haukutofautiana na wa waliopewa kinywaji cha kuigiza. Kimeng'enya kupanda kwenye tyubu ni jambo moja, mshipa kupona ni jambo jingine.

Kwa mume wako hesabu ni ya sukari. Glasi ya mililita 240 ya juisi hiyo hubeba kama gramu 30 za sukari, sawa na vijiko vya chai saba. Asinywe juisi. Apukuchue nusu ya tunda, ale mbegu zake pamoja na nyuzi zake baada ya chakula, na asubuhi asikose dawa ya shinikizo. Vidonge vya "kuongeza PON1" vinavyouzwa mtandaoni hatuna la kuvisifia. Kama bajeti ya kununua ipo, nunueni mashine ya kupimia shinikizo nyumbani, ya mkono wa juu, yenye mkanda unaolingana na mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha shinikizo kubwa kuliko lilivyo.

Kinachojulikana wazi kuishusha PON1 ni sigara. Kama anavuta, anzieni hapo kabla ya tunda lolote.

Nilipima jeni kwa mate. Ripoti inasema PON1 192 RR, "hatari ya moyo imeongezeka". Baba alifariki kwa kiharusi. Je, nimerithi?
*Muuguzi, Minneapolis*

Pole kwa msiba wa mzee. Kiharusi chake kina uzito zaidi kwenye hesabu yako kuliko hizo herufi mbili.

Kwenye nafasi ya 192 ya protini hii kuna asidi amino ya aina mbili: glutamini, inayoandikwa Q, au ajinini, inayoandikwa R. R huikata paraoksoni kwa kasi kubwa kuliko Q. Watafiti wa mwanzo walipoona hivyo wakatafuta uhusiano na moyo, na tafiti ndogo zikajaa pande zote. Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha muungano wa tafiti 43. Uhusiano uliobaki ulikuwa mwembamba, na tafiti kubwa zilipotazamwa peke yake ukatoweka. Isitoshe, R ndiyo ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika, tofauti na Ulaya ambako Q ndiyo nyingi. Ripoti iliyopimwa kwa mizani ya Wazungu itamtisha karibu kila Mwafrika anayetema mate kwenye kichupa chao.

Tena jeni hiyo inakuambia aina ya panga, haikuambii mapanga ni mangapi. Watu wenye herufi zilezile wanaweza kupishana zaidi ya mara 10 kwa wingi wa kimeng'enya kwenye damu. Tafiti zilizopima kimeng'enya chenyewe zina neno zito zaidi. Wanaume wa Caerphilly, Wales, waliofuatiliwa miaka mingi, walipatwa zaidi na matatizo ya moyo pale PON1 yao ilipokuwa chini. Na mwaka 2008 wagonjwa 1,399 wa Cleveland walionyesha mwelekeo huohuo. Hata hivyo, hospitali haikupimi PON1, na hatuoni sababu uidai: hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa, kila maabara ina uniti zake, na jibu lolote litakalotoka halitabadilisha dawa utakayopewa.

Unachotakiwa kujua ni shinikizo lako, LDL, sukari ya miezi mitatu, na umri aliokuwa nao baba. Kama ilikuwa kabla ya miaka 55, mwambie daktari wako kwa maneno hayohayo.

Shikamooni. Nalima nyanya Iringa, napulizia klorpirifosi na profenofosi. Kijana wa duka la pembejeo kasema wenye hicho kimeng'enya hawadhuriki. Ni kweli? Na je, hospitali inaweza kunipima kama sumu imeniingia?
*Mkulima, Iringa*

Marahaba. Kijana amekudanganya, labda bila kujua.

Klorpirifosi ikiingia mwilini, ini huibadilisha kuwa oksoni yake, ambayo ndiyo kali. PON1 hukata hiyo oksoni; dawa ilivyo kwenye chupa haiigusi. Panya wasio na PON1 hudhurika sana na oksoni ya klorpirifosi, kwa hiyo ulinzi upo. Lakini panya haohao hawakudhurika zaidi na paraoksoni kuliko panya wa kawaida. Yaani sumu iliyokipa kimeng'enya jina lake ndiyo ambayo mwilini hakiiwezi, kwa kuwa kasi yake ni ndogo mno kwa kiasi kidogo cha sumu kilichomo kwenye damu. Usitegemee mlinzi wa namna hiyo kwa kila kopo lililopo dukani. Na watoto wachanga huzaliwa na PON1 kidogo kuliko mtu mzima, kikipanda taratibu katika miaka ya mwanzo. Mama anayenyonyesha asiingie na mtoto mgongoni kwenye shamba lililopuliziwa, na nguo zako za kazi zisifuliwe beseni moja na nepi.

Vaa glavu za nitraili ndefu hadi juu ya kifundo cha mkono. Za ngozi hufyonza dawa na kuirudisha mkononi kila ukizivaa. Pulizia upepo ukiwa mgongoni, asubuhi. Bomba linalovuja mgongoni ni hatari kuliko pua iliyoziba, kwa sababu shati lililolowa hukaa na ngozi saa nzima bila wewe kusikia. Pua ikiziba, izibue kwa maji au mswaki laini, kamwe usiipulize kwa mdomo.

Ukiona mate yanajaa, machozi, jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika au misuli kuchezacheza, vueni nguo zote, oga kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali na kopo lenye lebo. Msimpe mgonjwa maziwa wala msimtapishe. Dawa yake hospitali ni atropini, na kwa baadhi ya sumu hizi pralidoksimi.

Kuhusu kipimo: hospitali itapima kolinesterasi, kimeng'enya ambacho sumu hii hukizima, wala si PON1. Jibu moja peke yake husema machache kwa sababu watu hutofautiana sana. Pima mara ya kwanza kabla ya msimu, ukiwa umekaa siku 30 bila kugusa dawa hizo. Hiyo ndiyo asilimia 100 yako. Sheria ya California humwondoa mpuliziaji kazini kolinesterasi ya chembe nyekundu ikishuka hadi asilimia 70 ya kipimo chake cha mwanzo, au ya plazma hadi asilimia 60, na hairuhusu arudi mpaka zote zifike 80. Mshuko wa asilimia 20 ni dalili ya kukagua glavu, bomba na namna unavyochanganya dawa.

Mwambie mtoa damu aweke tyubu kwenye barafu mara moja, kwani sumu iliyomo huendelea kuzima kimeng'enya hata nje ya mwili. Na kwa kolinesterasi ya chembe nyekundu tyubu ya zambarau inafaa kabisa, maana hiyo haihitaji kalsiamu.